Kicheko cha Safu ya Nane

Doncaster, Alhamisi, mvua ya kunyunyiza.
Tiketi nusu bei kwa wenye kadi ya ghala.
Tumekaa safu ya nane: mimi, Doreen, Imtiaz,
na Zbyszek aliyeficha soseji mfukoni.
Saa nne usiku zamu inaanza. Kabla ya hapo
tumekuja kuwaona wafu wakichekesha.

Wafu wenyewe wamepakwa unga na sosi ya nyanya.
Mmoja kateleza juu ya utumbo wake: kimya.
Mmoja kang'oka kichwa, kichwa kikaomba radhi:
huko nyuma mtu kakohoa,
nikamhesabu kuwa kacheka, nisimdhulumu mtunzi.
Mkono, peke yake, ukapanda basi bila nauli.
Doreen akatazama saa.
Mzaha unaojijua kuwa ni mzaha
hukukonyeza tangu mlangoni,
kama muuza mitumba anayelisifu shati
kabla hujaliona tundu.

Kwetu tuna msukule.
Huyo hali ubongo wa mtu. Hula pumba,
hulima usiku shamba la aliyemchukua,
kukipambazuka hufichwa darini.
Sijapata kusikia mtu akimtania.
Nilipowaeleza wenzangu, tukiwa kwenye chai,
Imtiaz aliuliza: "Analipwa saa za ziada?"
Nilicheka, halafu chai ikanipalia.

Sisemi kwamba kifo hakichekwi.
Mjomba Kapaya alipofariki, Mbagala,
watani wetu Wazaramo walifika kabla ya jeneza.
Mwinshehe akavaa koti la marehemu,
akachechemea vilevile, mguu wa kushoto ukichora mchanga,
akaingia uani akifoka:
"Nani kala firigisi yangu?"
Mjane, siku mbili hajafumbua mdomo,
akaangua kicheko kilichomlaza mkekani,
na humo humo kilio chake kikapata njia.
Mfu alitembea siku ile, mchana kweupe,
na hakuna aliyekimbia.
Lakini Mwinshehe alikuwa ameshika jembe tangu alfajiri.
Udongo wa kaburi ulikuwa bado kwenye kucha zake.
Labda hiyo ndiyo nauli,
na ule mkono wa kwenye basi haukuilipa.

Nilikwisha kuingiza mkono mmoja kwenye koti
alipotokea mama, mfu,
kizibao cha manjano, shavu moja halipo.
Mji unaungua. Wenziwe wanafukuzana na walio hai.
Yeye amefika langoni mwa kiwanda,
anagusisha kadi.
Taa nyekundu.
Anaipangusa pajani, taratibu, anagusisha tena.
Nyekundu.
Anainua macho, jicho niseme, kuitazama saa ya ukutani.

Safu ya nane ikapasuka.
Zbyszek alikipiga kiti cha mbele mpaka mwenyewe akageuka.
Doreen, machozi. Imtiaz, "jamani, jamani,"
neno pekee nililofanikiwa kumfundisha.
Mbavu ziliniuma upande ule ule
unaoniuma nikibeba maboksi.
Ukumbi mzima ulitugeukia
kama wenye msiba wanaowashangaa wageni.
Hawakujua undugu wetu na yule mama.

Sijui kama filamu ni nzuri.
Saa moja na dakika arobaini, kicheko kimoja:
kwa bei ya kawaida ningedai chenji.
Dada Nyamizi akiniuliza kwenye simu tulicheka nini
nitamwambia, "Kadi ilikataa,"
naye atanyamaza, akingoja niendelee.

Saa nne kasoro tano. Lango la ghala. Mvua ile ile.
Doreen: kijani. Imtiaz: kijani.
Zbyszek, soseji mdomoni: kijani.
Yangu ilikuwa imelowa.
Nikaipangusa pajani, taratibu,
na ng'ambo ya lango wote watatu
wakabana pumzi.